Shaaban Robert: Karani Aliyemwandika Mkulima

Mtahiniwa, jina la Shaaban Robert unalijua tangu shule ya msingi. Wengi humkumbuka kama mshairi tu, wakasahau kwamba karibu maisha yake yote alikuwa mwajiriwa wa ngazi ya chini. Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa na serikali ya kikoloni kuwa karani wa forodha. Baadaye alihamishiwa idara ya wanyama, Mpwapwa, akarudi Tanga kwenye ofisi ya wilaya, na mwisho ofisi ya upimaji ardhi. Zaidi ya miaka 30 ya ukarani!

Tanga hiyo ilikuwa nchi ya mkonge. Vibarua walioletwa mashambani kutoka mbali waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alitambuliwa kwa namba. Walifanya kazi kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 iliyopaswa kujaa ndipo mtu alipwe. Katika karatasi za mkoloni, mfanyakazi alikuwa hesabu tu. Vijana waliosoma nao waliamini kwamba kalamu ni heshima, jembe ni la walioshindwa.

Imani hiyo haijafa. Hapa Ngaramtoni, nikiuliza darasani wazazi wanafanya kazi gani, wapo wanaojibu kwamba hawana kazi, wanalima tu. Na maharage na mahindi hayo ndiyo yaliyolipa ada.

Shaaban Robert aliigeuza picha hiyo. Katika riwaya ya Utubora Mkulima, mhusika mkuu anaacha kwa hiari kazi ya ofisini yenye mshahara mzuri, ingawa mwajiri wake hataki aondoke, akaenda kulima kijijini Busutamu. Mkulima si mtu wa kuhurumiwa tena, ni mtu mwenye akili aliyechagua. Vivyo hivyo alimwandikia wasifu Siti binti Saad, msanii wa Unguja aliyeanza kwa kuuza vyungu. (Usichanganye: hicho ni wasifu, Maisha Yangu ni tawasifu, kwa kuwa humo anajieleza mwenyewe.)

Ukiulizwa kuhakiki, usimsifu tu. Utubora alikuwa na nafasi ya kuchagua, manamba hakuwa nayo. Mtu aliyeacha mshahara ili ashike jembe hafanani na aliyelishika kwa sababu ya kodi ya kichwa, na riwaya haimpi huyu wa pili nafasi kubwa. Maoni yangu ni kwamba karani huyu aliandika ndoto ya makarani wenzake waliochoka na ofisi. Hoja hiyo inatetewa vizuri kwa mifano kutoka kitabuni.

Alifariki Juni 1962, miezi michache baada ya uhuru, akazikwa Machui, Tanga. Utubora Mkulima ilichapishwa 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha.