Ombi la mwisho la Apolo Kivebulaya



Mara nyingi mtu akiwa na neno kubwa la kuomba kwa sultani, kwa mkubwa wa kazi ao kwa wazazi wa binti, anakwenda mbio. Akikatazwa ndipo anakumbuka kupiga magoti. Nehemia hakufanya hivyo. Alifunga na kusali tangu mwezi wa Kisleu hata Nisani, kama miezi minne, mbele ya kumwomba mfalme ruhusa. Lakini tusiende mbali mpaka Yerusalema. Tumkumbuke mmoja aliyetumika karibu yetu, kule Boga, ng'ambo ya mto Semliki.

Apolo Kivebulaya alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864, akabatizwa mwaka 1895. Mwaka 1896 alivuka Semliki akafika Boga. Walimu wawili waliomtangulia walikuwa wamerudi kwa sababu ya njaa, maana Sultani Tabaro alikataza watu kuwapa chakula. Apolo alishika jembe, akalima chakula chake mwenyewe.

Akapigwa, na mambo yakazidi kuwa mabaya. Dada wa sultani alianguka juu ya mkuki, akafa, na lawama ikawekwa juu ya mwalimu. Wakamfunga, wakampeleka Fort Portal, upande wa pili wa milima hii yetu ya Ruwenzori, akatiwa katika nyumba ya kifungo. Ilikuwa mwaka 1898.  Alisali. Na ndimo alimoona Bwana Yesu katika maono, akimtia moyo aendelee kuhubiri na kumwahidi kuwa pamoja naye.

Angalieni wandugu: mtu mwenye kufungwa angeomba kurudishwa kwao Buganda, na hakuna ambaye angemcheka. Apolo, alipofunguliwa, alirudi kwa watu wale wale wa Boga. Na Tabaro, yeye aliyemtesa, akabatizwa.

Mwaka 1903 aliwekwa kuwa kasisi. Alitumika miaka mingi Toro, kisha akarudi tena Boga, na tangu mwaka 1921 aliingia porini kwa Wambuti, watu ambao wengi waliwazarau. Hakuoa, hakukusanya mali.

Mwaka 1933 akawa mgonjwa sana. Mtu aliyezoea kusali mbele ya kila safari alikuwa amebakiza ombi moja, na sisi tunaamini hakulisema bila kulipeleka kwanza kwa Mungu. Hakuomba kubebwa mpaka Buganda. Desturi ilikuwa kumlaza marehemu kichwa kikielekea kwao, mashariki. Apolo aliomba kichwa chake kielekee mangaribi, penye pori kubwa la Kongo, kwa sababu kazi ya Injili ilikuwa haijafika mwisho huko.

Alikufa tarehe 30 mwezi wa tano, 1933. Wakamzika Boga, kichwa mangaribi.