Edward Jenner, Mganga Aliyeishinda Ndui

Zamani kulikuwa na ugonjwa ulioogopwa kuliko simba. Jina lake ndui. Mgonjwa alishikwa na homa kali, kisha mwili wake ukajaa vipele vyenye usaha. Katika wagonjwa 10, watatu hivi walikufa. Waliopona walibaki na makovu usoni, na wengine walipofuka. Ndui haikuchagua mtu. Ilipiga Ulaya, ikapiga Afrika. Iliingia nyumba ya mfalme na kibanda cha mchunga mbuzi.

Edward Jenner alizaliwa tarehe 17 Mei 1749 katika mji mdogo wa Berkeley, nchi ya Uingereza. Alipokuwa na miaka 5, baba na mama yake walikufa, akalelewa na ndugu zake wakubwa. Alikuwa mtoto apendaye kutembea porini na kutazama ndege na wadudu.

Alipotimiza miaka 8, alichanjwa. Chanjo ya siku zile haikuwa kama ya leo. Waganga walitwaa usaha wa mgonjwa wa ndui, wakautia katika mkato mdogo wa ngozi ya mtu asiye mgonjwa. Mara nyingi mtu huyo aliugua kidogo, akapona, asishikwe tena. Dawa hiyo ilijulikana Asia na Afrika pia. Wazee wa Katanga husimulia kwamba Bayeke wa Mwami Msiri, waliojenga Bunkeya, walikuja nayo kutoka Unyamwezi. Lakini ilikuwa na hatari. Wengine walikufa kwayo, na aliyechanjwa aliweza kuwaambukiza jirani zake. Edward naye aliteswa: alipunguziwa chakula, akatolewa damu, akaugua. Hakusahau.

Alipokuwa kijana alijifunza uganga, kwanza karibu na kwao, halafu London kwa mwalimu John Hunter. Mwalimu huyo alimzoeza kujaribu jambo kwa uvumilivu, badala ya kulifikiri tu. Jenner akarudi Berkeley kutibu watu wa vijijini. Hakuacha kutazama. Alimchunguza ndege aitwaye kekeo, atagaye mayai katika kiota cha ndege mwingine. Aliona kwamba kinda la kekeo, lingali halina manyoya, huwasukuma nje makinda wenzake.

Katika vijiji hivyo wasichana wakamao ng'ombe walikuwa na neno lao. Walisema kwamba mtu aliyekwisha kuugua ndui ya ng'ombe, ugonjwa mdogo wa vipele vya mikono, haguswi na ndui kubwa. Wenye elimu wengi walicheka. Jenner hakucheka, alisikiliza, akaandika habari zao kwa miaka mingi.

Tarehe 14 Mei 1796 alitwaa majimaji ya kipele mkononi mwa Sarah Nelmes, mkamaji, akamchanja James Phipps, mtoto wa miaka 8. James alipata homa kidogo, akapona. Mwezi wa Julai Jenner akamchanja kwa ndui yenyewe. James hakuugua. Leo sheria haziruhusu kumjaribu mtoto hivyo. Lakini siku zile kuchanja kwa ndui kulikuwa desturi.

Je, watu walifurahi mara moja? La. Wataalamu wa London walilikataa andiko lake la kwanza, naye akachapisha kitabu kwa fedha zake mwenyewe mwaka 1798. Watu wengi waliogopa. Walinong'onezana kwamba aliyechanjwa kwa maji ya ng'ombe ataota pembe. Mwaka 1802 ilichorwa picha ya watu wanaotokwa na ng'ombe mikononi na usoni, na nchi nzima ikacheka. Jenner aliendelea na kazi. Katika bustani yake palikuwa na kibanda kidogo. Humo aliwachanja maskini bila malipo. Majirani wakangoja, wakatazama. Hakuna aliyeota pembe. Ndui ilipokuja tena, waliochanjwa walisalimika. Hivyo hofu ikapungua.

Jenner alikufa tarehe 26 Januari 1823, lakini kazi yake haikufa. Neno la Kifaransa vaccin latoka katika neno la Kilatini vacca, yaani ng'ombe. Katika nchi ya Kongo ndui ilikomeshwa mwaka 1971. Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa kijana mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, mwaka 1977. Alikuwa amekwepa chanjo kwa sababu aliogopa maumivu! Kwa bahati njema alipona. Baadaye alizunguka kwa wazazi akiwahimiza wachanje watoto wao wasipate polio. Mwaka 1980 ilitangazwa kwamba ndui imetoweka duniani.

Lakini magonjwa mengine yapo. Mwaka 2019 surua iliua watu wapatao 6,000 katika Kongo, wengi wao watoto wadogo, ingawa chanjo yake ipo.

Watoto, mtu anayeogopa sindano si mjinga, wala hafai kuchekwa. Amwulize mwuguzi, ajibiwe vizuri, atazame yaliyotokea kwa waliochanjwa. Jenner alijua kuwasikiliza wakamaji ng'ombe, nao majirani walijua kuamini walichokiona kwa macho yao. Atazamaye vema na aulizaye vema hadanganywi na uvumi.