Jack Trice: Mwanamichezo aliyefariki kabla ya kutimiza ndoto

UWANJA mkubwa wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, unaitwa kwa jina la kijana aliyefariki siku mbili baada ya mechi yake ya pili katika timu kuu ya chuo hicho. Kijana huyo ni Jack Trice.

Trice alizaliwa 1902 katika mji mdogo wa Hiram, Ohio. Alisomea shule ya upili jijini Cleveland, na huko ndiko kipawa chake katika kandanda ya Kimarekani, mchezo wa kukumbana vifua na kubeba mpira mikononi, kilipodhihirika. Kocha wake, Sam Willaman, alipoajiriwa Iowa mnamo 1922, Trice alimfuata.

Alikuwa mwanamichezo wa kwanza mweusi chuoni humo. Alisomea ufugaji, akinuia kwenda kuwasaidia wakulima weusi wa majimbo ya kusini. Ili ajikimu, alifanya vibarua. Wakati huo alikuwa amekwisha kumwoa Cora Mae Starland.

Oktoba 6, 1923, Iowa walimenyana na Chuo Kikuu cha Minnesota mjini Minneapolis. Mapema katika mechi hiyo Trice alivunjika mfupa wa mtulinga, lakini akaendelea kucheza. Katika robo ya tatu alianguka chali alipojaribu kuwazuia wapinzani, wakamkanyaga. Madaktari walimruhusu asafiri, akarejeshwa Ames kwa gari la moshi. Aliaga dunia Oktoba 8 kwa kuvuja damu ndani ya mwili. Alikuwa na umri wa miaka 21.

Iwapo alikanyagwa makusudi kwa sababu ya rangi yake ni suala ambalo limezua mjadala hadi leo.

Kabla ya mazishi, barua ilipatikana katika koti lake. Aliiandika usiku wa kuamkia mechi, akijihimiza kucheza kufa kupona kwa kuwa heshima ya watu wake, ya jamaa zake na yake mwenyewe ilikuwa mabegani mwake. Takriban watu 4,000 walihudhuria ibada ya kumuaga chuoni.

Kisha jina lake likafifia. Wanafunzi ndio waliolifufua katika miaka ya sabini kwa kampeni ndefu. Mnamo 1984 sehemu ya kuchezea pekee ilipewa jina lake. Uwanja wote ukafuata 1997, miaka 74 baada ya kifo chake.