Canada Lee: Bondia aliyegeuka mwigizaji, kisha akafungiwa milango

Canada Lee alifariki New York tarehe 9 Mei 1952 akiwa na umri wa miaka 45. Filamu yake ya mwisho ilikuwa bado mpya, lakini kwao Marekani kazi za redio na televisheni zilikuwa zimemkauka. Je, alikuwa nani, na kwa nini aliwekwa kando?

Alizaliwa New York mwaka 1907 kwa jina la Leonard Lionel Cornelius Canegata. Utotoni alijifunza kupiga fidla. Alipokuwa na miaka 14 alitoroka nyumbani na kuwa mpanda farasi wa mashindano. Mwili ulipozidi uzito akaingia kwenye ndondi. Inasimuliwa kuwa mtangazaji wa ulingoni alishindwa kutamka jina lake, akamwita Canada Lee, na jina hilo likabaki. Kisha ngumi ikamharibu jicho moja, na ndondi zikaishia hapo.

Akiwa anatafuta kibarua mtaani Harlem, alijikuta kwenye majaribio ya mchezo wa kuigiza, akapewa nafasi. Mwaka 1936 aliigiza kama Banquo katika Macbeth iliyoongozwa na Orson Welles, waigizaji wote wakiwa weusi. Mwaka 1941 Welles alimpa nafasi kuu ya mchezo wa Native Son, na Broadway nzima ikamjua.

Kwenye sinema alipewa zaidi nafasi za pembeni. Wakati huo mweusi katika filamu alitakiwa awe mtumishi wa kuchekesha. Lee alikataa. Katika Lifeboat ya mwaka 1944 alicheza mhudumu wa meli, lakini alihakikisha mtu huyo anaongea kwa heshima yake. Katika Body and Soul ya mwaka 1947 alikuwa bondia aliyeumia kichwa, kazi aliyoifahamu vizuri. Redioni alisimulia vipindi kuhusu maisha ya Wamarekani weusi, na hadharani alipinga ubaguzi bila kuficha.

Hilo ndilo lililomponza. Vita Baridi vilikuwa vimeanza, na aliyedai haki alishukiwa ukomunisti. Mwaka 1949 jina lake lilitajwa katika nyaraka za FBI zilizofikishwa mahakamani. Alikanusha kuwa mkomunisti, lakini wadhamini wa vipindi walimkwepa.

Kazi kubwa iliyobaki ilimpeleka Afrika Kusini, kuigiza Cry, the Beloved Country pamoja na kijana Sidney Poitier. Lee alikuwa mchungaji Kumalo, anayetoka kijijini kumtafuta mwanawe Johannesburg. Kwa sababu ya sheria za kibaguzi, ilibidi yeye na Poitier waingie nchini kama watumishi wa mwongozaji, Zoltan Korda.

Siku 12 baada ya kifo cha Lee alifariki pia John Garfield, nyota wa Body and Soul, naye akiwa amenyimwa kazi kwa tuhuma kama hizo. Mahakama haikuwahi kumtia hatiani yeyote kati yao. Tuhuma peke yake ilitosha kuwaondolea riziki.