Thomas Young

Thomas Young (Milverton, 13 Juni 1773 – London, 10 Mei 1829) alikuwa tabibu na mwanafizikia wa Uingereza. Anajulikana hasa kwa kuonyesha kwamba nuru husafiri kama mawimbi.

Maisha

Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto kumi. Alisomea utabibu London, Edinburgh na Göttingen, kisha Cambridge. Mwaka 1794, akiwa na umri wa miaka 21 tu, alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society kutokana na utafiti wake juu ya lenzi ya jicho. Kuanzia 1801 hadi 1803 alikuwa profesa katika Royal Institution, London.

Nadharia ya mawimbi

Wakati huo wataalamu wengi walimfuata Isaac Newton, aliyefundisha kwamba nuru ni chembe ndogondogo. Young alilinganisha nuru na mawimbi ya maji: kilele kikikutana na kilele, mawimbi huongezeana, kilele kikikutana na bonde, hufutana.

Mwaka 1803 alipitisha mwali mwembamba wa jua katika tundu dogo, akaugawa kwa ukingo wa kadi nyembamba. Ndani ya kivuli cha kadi ilionekana mistari ya mwanga na giza. Alipozuia nuru ya upande mmoja, mistari hiyo ilitoweka. Jaribio la mianya miwili alilieleza katika kitabu cha mihadhara yake kilichotolewa mwaka 1807. Pia alikadiria urefu wa wimbi la nuru: karibu milimita 0.0007 kwa nyekundu na 0.0004 kwa urujuani.

Upinzani

Henry Brougham aliishambulia nadharia hiyo vikali katika jarida la Edinburgh Review. Young alijibu kwa kijitabu mwaka 1804, lakini kwa maelezo yake mwenyewe iliuzwa nakala moja tu. Akaelekeza nguvu zake kwenye utabibu, na baadaye kwenye maandishi ya kale ya Misri. Nadharia yake ilianza kukubalika baada ya Mfaransa Augustin Fresnel kuifikia kwa njia yake na kuipa msingi wa hisabati. Mwaka 1819 Fresnel alituzwa na Akademia ya Sayansi ya Paris.

Urithi

Leo jaribio la Young ni sehemu ya kawaida ya masomo ya fizikia, na swali lake hurudi mara kwa mara katika mitihani. Mwanafunzi huzidisha umbali kati ya mianya kwa umbali kati ya mistari miwili ya mwanga inayofuatana, kisha hugawa kwa umbali wa kufika kwenye skrini. Jibu ni urefu wa wimbi. Hivyo hoja iliyodharauliwa na wasomi wa wakati wake sasa hutafutiwa jibu na wanafunzi kwa dakika chache.