Adriani Atiman wa Karema: Daktari, Katekista na Baba wa Padre



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Nyalikungu, Maswa. Paroko aliniomba nizungumze na makatekista wa vigango pamoja na wenzi wao juu ya historia ya Kanisa katika nchi yetu. Nilijiandaa kama mwanafunzi anavyojiandaa kwa mtihani. Nikawaeleza juu ya msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe, yaani Wamisionari wa Afrika, uliotoka Bagamoyo mwaka 1878. Nikaeleza jinsi msafara huo ulivyogawanyika Tabora: wengine wakaenda Ziwa Tanganyika, wengine wakashika njia ya kaskazini hadi Kageye, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, huku kwetu Usukumani, na kutoka hapo wakavuka kwenda Uganda. Nikaeleza juu ya misheni ya Bukumbi iliyoanzishwa mwaka 1883, na Wamaryknoll waliokuja Shinyanga miaka ya 1950. Majina yalikuwa mengi, na yote ya mapadre, mabruda na maaskofu.

Nilipomaliza, mama mmoja, mke wa katekista, aliinua mkono. Alitaka kujua kama kati ya wamisionari wote hao hakuwepo hata mmoja aliyekuwa na mke na mtoto. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu. Nilimwahidi kwamba nikirudi seminarini nitatafuta, na niliyempata ni Adriani Atiman.

Nakiri kwamba jina hilo halikuwa geni kwangu. Waliopita Dar es Salaam wanaijua Atiman House, na watu wa Rukwa wanaijua Hospitali ya Daktari Atiman pale Sumbawanga. Ila kulijua jina la jengo si kumjua mtu. Mimi nilidhani ni Mzungu.

Atiman alizaliwa mnamo mwaka 1866 katika kijiji cha Tundurma, kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu, katika nchi tunayoiita leo Mali. Akiwa mtoto bado alitekwa na wawindaji wa watumwa. Wakamvusha jangwa la Sahara, safari ambayo watoto wengi hawakuimaliza, hadi Metlili, kusini mwa Algeria. Hapo ndipo Mapadre Weupe walipomkomboa mwaka 1876 kwa kulipa fedha, kama bidhaa nyingine yoyote ya sokoni.

Mwaka huohuo wa 1876, mapadre watatu wa shirika hilo waliokuwa wanajaribu kuvuka Sahara ili wafike Timbuktu waliuawa njiani. Yaani wamisionari walikuwa wanakufa wakiitafuta nchi ya Atiman, na Atiman mwenyewe alikuwa mikononi mwao Algeria, mtoto wa miaka kumi hivi, hana njia ya kurudi. Mwaka 1881 wengine watatu wakauawa katika jaribio la pili. Mwasisi wa shirika, Kardinali Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Alger, alilazimika kufikiri upya.

Mawazo yake yalikuwa kwamba Afrika igeuzwe na Waafrika wenyewe. Katika vijana aliowakomboa, aliwachagua wenye akili wasomee udaktari. Kwa nini udaktari, na si upadre moja kwa moja? Lavigerie aliona kwamba kijana aliyesomeshwa Ulaya akawa padre angebaki mbali na watu, wakati daktari anaweza kuishi kati yao, akawa na kazi ya mikono yake, akaheshimiwa, akaoa, akajenga nyumba. Kwa njia hiyo Injili ingeingia kijijini kupitia mlango wa familia. Mwaka 1881 alifungua chuo Malta kwa ajili hiyo, na Atiman alikuwa mmoja wa waliopelekwa. Alisoma huko mpaka mwaka 1888. Hakupelekwa kuwa daktari tu, alipaswa kuwa daktari na katekista kwa pamoja, atibu mwili na kufundisha dini.

Huo wa 1888 ulikuwa mwaka mzito. Papa Leo XIII alitoa waraka wake dhidi ya utumwa, na Lavigerie akazunguka Paris, London na Brussels akihubiri kwamba biashara ya watu katika Afrika lazima ikomeshwe. Huku kwetu pwani ilikuwa inawaka: watu wa Pangani na Bagamoyo, wakiongozwa na Abushiri, waliinuka dhidi ya Wajerumani, na njia ya misafara ikawa ya hatari. Ni katika mwaka huo Atiman alifika Zanzibar na kuanza safari ya bara. Mwaka 1889 alifika Karema, mashariki mwa Ziwa Tanganyika.

Karema ya wakati huo ilikuwa ngome. Wabelgiji walikuwa wameijenga kuanzia mwaka 1879, halafu mwaka 1885 wakawakabidhi Mapadre Weupe. Kandokando yake waliishi watu waliokombolewa utumwani, yatima, na wenyeji waliokimbilia ulinzi. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, alikuwepo mlei mwingine, Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa, ambaye alizilinda misheni za huko kwa bunduki. Naye alioa mwanamke Mwafrika, akaishi huko hadi kufa kwake mwaka 1927. Kwa hiyo yule mama wa Nyalikungu angeweza kupata majibu mawili kwa swali lake moja. Mimi nabaki na la Karema.

Hapa niseme jambo linalonisumbua. Mwaka huu katika somo la falsafa ya siasa tumemsoma Aristotle, na mahali anaposema kwamba wapo watu ambao kwa maumbile yao ni watumwa, chombo chenye uhai, darasa zima lilinyamaza. Ni rahisi kumpinga Aristotle kwa kumwonyesha Atiman: aliyeuzwa kama chombo akawa daktari. Lakini nikiendelea kusoma maisha yake najiuliza kama uhuru wake ulikuwa umekamilika. Walimnunua, wakambatiza, wakamchagulia shule, wakamchagulia kazi, wakamchagulia nchi. Alipelekwa Afrika kana kwamba anarudishwa nyumbani, kumbe kutoka Timbuktu hadi Karema ni mbali kuliko Malta hadi Ufaransa. Lugha ya Karema hakuijua, wala chakula chake, wala mizimu yake, wala magonjwa yake. Alikuwa mgeni mwenye rangi ya wenyeji, na nadhani ugeni wa namna hiyo ni mgumu zaidi, kwa sababu kila mtu anategemea kwamba unajua.

Sisi mafrateri tunaongea sana juu ya utii. Ila utii wetu unaanza na barua tuliyoandika wenyewe, tukiomba. Atiman barua yake iko wapi?

Naona iko katika miaka. Mwaka 1895 Mapadre Weupe hatimaye walifika Timbuktu na kufungua misheni. Njia ya kwenda kwao ikawa wazi. Atiman wakati huo alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa hivi, na miaka sita tu Karema. Daktari aliyeijua nchi ile tangu utoto angefaa sana huko. Hakwenda. Alibaki Karema miaka 67. Aliwatumikia watu chini ya Wajerumani, akashuhudia vita ya 1914 hadi 1918 iliyowaleta Wabelgiji wakivuka ziwa, akaendelea chini ya Waingereza. Maaskofu walikuja wakazikwa. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza vikariati ile tangu mwaka 1891, alifariki mwaka 1917, na baada yake Atiman akaishi karibu miaka arobaini mingine.

Kazi yake ilikuwa ya kila siku. Alitibu ndui, malale, vidonda, homa, mikono iliyoraruliwa na wanyama. Alipasua palipohitaji kupasuliwa. Dawa kutoka Ulaya zilikuja kwa misafara na meli, na mara nyingi hazikuja, hivyo akajifunza pia mitishamba ya wenyeji. Kwetu Usukumani, ambako nfumu bado anaheshimiwa hata na wale wanaokaa benchi la mbele kanisani, jambo hilo linaeleweka haraka: mgonjwa hamwendei daktari kwa sababu amesoma Malta, anamwendea kwa sababu jirani yake alipona. Nyumba kwa nyumba, huku anasafisha kidonda, anafundisha sala. Mtoto aliyekuwa anakata roho alimbatiza.

Sasa nifike kwa yule ambaye mama wa Nyalikungu alimwulizia hasa. Baada ya kufika Karema, Atiman alifunga ndoa na Wansahira, aliyebatizwa Agnesi, binti wa mtemi wa Wabende. Wabende ndio wenyeji wa ukanda ule wa ziwa. Kwa mpango wa Lavigerie ndoa hiyo ilikuwa sehemu ya utume wenyewe: kwa kumwoa binti wa mtemi, mgeni anakuwa mkwe, na mkwe hafukuzwi. Mpango ulikuwa wa busara. Lakini mpango ni mpango, na nyumba ni nyumba. Mume alilelewa na mapadre tangu utotoni, amezoea vitabu na kengele za chuo. Mke amekulia katika boma la baba yake, kati ya shangazi na mizimu ya ukoo. Dini kwake ilikuwa mpya kama mume alivyokuwa mpya.

Vitabu vinamwimba Atiman kurasa nyingi. Wansahira anapewa mistari michache, na sidhani kuwa ni haki. Tunasema Atiman aliingia nchi ngeni, na ni kweli, lakini Wansahira naye aliingia nchi ngeni bila kutoka kwao. Alihamia katika nyumba ambayo mlango wake haufungwi, kwa sababu mgonjwa hachagui saa. Mtu anayemwita daktari usiku wa manane anamwamsha na mke wake pia. Nimekaa na makatekista wetu vya kutosha kujua kwamba katekista akiwa kigango cha mbali siku ya Jumapili, kuna mtu aliyebaki nyumbani na watoto, ng'ombe na shamba la pamba. Sioni sababu ya kudhani kwamba Karema ilikuwa tofauti.

Katika nyumba hiyo alizaliwa Yosefu. Alikulia misheni, akaingia seminari, na mwaka 1923 akapewa daraja takatifu ya upadre. Tuupime mwaka huo. Mapadre wa kwanza wazalendo katika nchi yetu walipadrishwa Bukoba mwaka 1917, miaka sita tu kabla yake. Katika mpango wa Lavigerie daktari mlei alipaswa kuandaa njia. Huyu aliiandaa mezani kwake, akila ugali na mtoto. Nafikiri siku ile ya upadrisho, mtu aliyeuzwa kama mbuzi utotoni alipopiga magoti kupokea baraka ya kwanza ya mwanaye, na binti wa mtemi wa Wabende akiwa mama wa padre, hakuna mtu pale Karema aliyehitaji kuelezwa maana ya neno kukombolewa.

Atiman alizeeka akifanya kazi. Kanisa na serikali walimpa heshima, naye akarudi kwa wagonjwa wake. Alifariki dunia palepale Karema mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka tisini hivi. Wakati huo Laurean Rugambwa alikuwa tayari ni askofu kwa miaka minne, Mwafrika wa kwanza katika Tanganyika, na uhuru ulikuwa umebakiza miaka mitano. Karema leo iko mkoa wa Katavi, katika Jimbo la Mpanda, na wengi wanaisikia siku hizi kwa sababu ya bandari yake mpya.

Ninaandika haya kabla ya likizo nyingine. Nikifika Nyalikungu nitamtafuta yule mama, na sitaanza na jina la Atiman. Nitaanza na la Wansahira.