Fred Jane, Bwana wa Manowari za Mezani

Wahenga wa pwani walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo yamfaa sana mtu ninayetaka kumsimulia leo, ijapokuwa hakuwa mwana wa pwani yetu, wala hakuunda chombo hata kimoja cha kuvuka bahari. Aliunda mchezo wa manowari ndogo za mezani, na mchezo huo ukazaa kitabu ambacho maofisa wa majeshi ya bahari wamekitegemea kwa zaidi ya miaka 100. Jina lake ni Fred T. Jane.

Jane alizaliwa Richmond, karibu na London, tarehe 6 Agosti mwaka 1865. Baba yake alikuwa kasisi, na mtoto alikulia katika jimbo la Devon, akasoma mjini Exeter. Mwezi Julai mwaka 1882, alipokuwa kijana wa miaka 16, manowari za Kiingereza ziliupiga mizinga mji wa Iskandaria. Kwa watu wa Misri siku ile ilikuwa msiba, tena ndiyo mwanzo wa kutawaliwa na Waingereza. Kwa kijana wa Devon zilikuwa ni habari za meli. Akashika kalamu, akaanza kuzichora moja baada ya moja, na tangu hapo hakuacha.

Alipokuwa mtu mzima alihamia London, akawa mchoraji wa magazeti na vitabu. Alifuatana na manowari katika mazoezi yao baharini, akizichora kwa jicho la mtu anayetaka kujua kila bomba limesimama wapi na kila mzinga unaelekea upande gani. Fauka ya hayo alikuwa na ndoto za mbali. Mwaka 1893 alitia picha katika riwaya ya George Griffith iliyoeleza vita vya merikebu za angani, wakati ambapo hapakuwa na ndege hata moja duniani. Alichora pia watu wakichimba dhahabu katika milima ya mwezini, na mwaka 1897 akaandika hadithi yake mwenyewe ya kwenda kwenye sayari ya Zuhura kwa sekunde tano.

Mwaka uliofuata, 1898, alitoa mchezo wake wa vita vya bahari. Shida yake ya kwanza ilikuwa ni mifano ya meli. Meli ya kuchezea ya dukani yaweza kumfurahisha mtoto, lakini haisemi kweli: bomba laweza kuwa lolote, mzinga popote. Jane alitaka mchezaji atazame meza aijue meli kwa umbo lake, kama baharia aijuavyo kwa kuiona upeoni. Alitaka pia meli iende mezani kwa kadiri ya mwendo wake wa kweli baharini, na mzinga wake uweze kile tu unachoweza.

Kila meli ilikuwa na karatasi yake yenye mchoro uliogawanywa sehemu sehemu. Mchezaji aliyepiga mzinga aliigonga karatasi ya adui kwa kibao chenye msumari mdogo, na pale tundu lilipotokea ndipo kombora lilipoangukia. Kisha unene wa chuma cha mahali pale ulilinganishwa na nguvu ya mzinga. Pengine meli ilipoteza mizinga, pengine mwendo, pengine ilizama. Maofisa wa jeshi la bahari waliucheza kwa mazingatio makubwa, na sifa zake zikafika hadi Urusi.

Lakini mchezo wa namna hiyo haufai kitu bila ya habari za hakika. Ndiyo maana mwaka huohuo wa 1898 Jane alichapisha kitabu cha manowari zote za dunia, michoro yake aliifanya kwa mkono wake. Ndani yake mizinga na vyuma vilipewa alama za herufi, ili msomaji alinganishe haraka kipi chaweza kupenya kipi. Kitabu kilichokuwa mtumishi wa mchezo kikawa bwana wake: mchezo umesahauliwa na wengi, kitabu kingali kikichapishwa. Mwaka 1909 alianzisha kingine cha vyombo vya angani.

Msomaji atauliza mtu huyu anatuhusu nini sisi. Nami nitajibu kwamba nilimkumbuka mahali ambapo hata bahari haionekani, huko Marani, katika milima ya Kisii, palipo migomba na mashamba ya chai. Niliwakuta vijana watatu wakicheza mezani vita vya merikebu za angani, kwa kanuni zilizotoka ng'ambo. Kanuni walikuwa nazo, merikebu hawana. Zile zinazouzwa nje ni ghali, na nauli na ushuru huzidi bei yenyewe. Walitumia vizibo vya soda, na kila mara walibishana kizibo kipi ndicho merikebu kubwa, na mbele yake ni wapi.

Waliponiuliza, Mzee, mifano ya kufaa ipatikane wapi, niliwasimulia habari za Jane, kisha nikawaonyesha kilichokuwa karibu nao. Tabaka, upande wa pili wa mji wa Kisii, watu huchonga mawe ya sabuni, na seti zao za sataranji zimeenea duniani. Jiwe lile ni laini, hukubali kisu na msasa, lakini likiwa jembamba huvunjika. Basi merikebu yake iwe nene ya mabawa, pua yake ionekane wazi, kubwa ipitwe na kubwa zaidi kwa kipimo kimoja, na isimame juu ya kipande kifupi cha spoki ya baiskeli, maana ikiwa juu sana uzito utaiangusha. Merikebu ya angani hakuna aliyeiona, kwa hiyo hapana wa kuipinga sura. Linalotakiwa ni kwamba umbo lisidanganye juu ya nguvu zilizoandikwa katika kanuni. Nasi tuliolelewa madrasa, tunaochelea sanamu za viumbe wenye roho, hapa hatuna neno: chombo hakina roho. Mradi pasiwe na kamari.

Hata hivyo liko jambo ambalo mfano haulisemi, hata ukichongwa na fundi gani, na jambo hilo lilitufikia sisi wenyewe. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba mwaka 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta ile ya Kiingereza Pegasus imetia nanga bandarini Unguja, ikitengenezwa mitambo. Königsberg ilikuwa na mizinga 10 ya sentimita 10.5, Pegasus minane ya inchi 4. Makombora ya Mjerumani yalifika, ya Mwingereza yaliangukia majini. Mchezaji wa mchezo wa Jane angaliweza kutabiri mwisho wake kwa karatasi mbili na dakika chache. Lakini mabaharia zaidi ya 30 walipoteza maisha, na baadhi yao wamezikwa Chapwani, kisiwa ambacho wavuvi wa Unguja hukipita kila siku. Mwezi huohuo Wajerumani na Waingereza walipigana Kisii pia, na Waafrika walichukuliwa huku na huku kwenda kufa katika ugomvi usio wao. Karatasi ya Jane ilikuwa na mahali pa mizinga, mitambo na vyuma. Mahali pa watu hapakuwapo.

Jane mwenyewe hakuona mwisho wa vita vile. Alifariki nyumbani kwake Southsea, Portsmouth, tarehe 8 Machi mwaka 1916, umri wake miaka 50. Königsberg ilikuwa imekwisha angamizwa katika mto Rufiji tarehe 11 Julai mwaka 1915, na mizinga yake ikatolewa, ikaburutwa nchi kavu kuendeleza vita.

Anayetaka kuipima kazi ya bwana huyu na aende Mombasa, mbele ya Ngome ya Yesu. Pale umewekwa mzinga wa Königsberg, na wa Pegasus pia. Watoto huipanda na kucheza juu yake. Waacheni wacheze, kwani mchezo si haramu, na ni afadhali vita viishie mezani. Ila mzazi aliye karibu awaambie kwamba nyuma ya kila mzinga ule palisimama watu, nao walikuwa na mama zao.